UZI MAALUM: Kujaza bahati nasibu ya grini kadi (DV) ukiwa siyo nyumbani. Nilivyojaza nikiwa Sharjah mpaka nikafika Ohio

Mwana_Makorora | 9 Oktoba 2022

Wakuu salaam, shikamooni wakubwa wote.

Dirisha la DV-2024, yaani bahati nasibu ya viza za ukaazi wa kudumu Marekani za mwaka 2024, lilifunguliwa tarehe 5 mwezi huu na linafungwa tarehe 8 Novemba, na kama ilivyo kila mwaka ikifika Oktoba inboksi yangu inajaa watu walioko Dubai, Oman, Qatar, Uturuki, wengine Afrika Kusini, na swali ni moja tu, "kaka mimi siko Bongo, naruhusiwa kujaza?" Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja niandike hapa kila kitu nilichopitia, mkae msome taratibu, na wenye uzoefu waongezee.

Mimi ni mtu wa Tanga, niliishi Sharjah, Emirati, kuanzia 2013, nilikuwa kwenye ofisi ya mizigo, zile zinazopakia spea na magari yaliyotumika kwenda Dar na Mombasa. Nilishinda DV-2019 nikiwa huko huko na sasa hivi niko Columbus, Ohio.

Jibu la swali ni ndiyo, unaruhusiwa. Wamarekani hawaangalii unaishi wapi, wanaangalia ULIZALIWA wapi. Kwa hiyo mimi niliyekuwa naishi bara la Asia kesi namba yangu ilikuja na herufi AF, yaani nimehesabiwa kwenye fungu la Afrika kwa sababu nimezaliwa Tanga. Na kwa kuwa nilikuwa mkaazi halali wa Emirati mwenye Emirates ID, intavyuu nilifanyia ubalozi wa Abu Dhabi, sikurudi Dar hata siku moja kwa ajili hiyo. Unapojaza kuna mahali wanauliza nchi uliyozaliwa na mahali pengine wanauliza nchi unayoishi sasa, hayo ni maswali mawili tofauti, watu wanayachanganya halafu wanaandika Emirati kote kote.

Sasa nije kwenye kitu ambacho ndicho kimenifanya nianzishe uzi huu, nacho ni kujaza mwenyewe kwa mkono wako na kuandika ukweli mtupu.

Mwaka 2017 dirisha lilifunguliwa tarehe 3 Oktoba. Nilikuwa naishi chumba kimoja na jamaa watano, kila mtu na kitanda chake analipia kwa mwezi, na mwenzangu mmoja wa Morogoro akaniambia kuna mtu nyumbani ana steshenari anamjazia kila mwaka, nitume hela na picha tu. Mimi nikajaza mwenyewe kwenye kompyuta ya ofisini usiku. Wiki mbili hazijaisha likatoka tangazo kwamba mfumo ulipata hitilafu na maombi YOTE yaliyoingia kati ya tarehe 3 na 10 Oktoba yamefutwa, wanafungua upya tarehe 18 Oktoba mpaka 22 Novemba. Nikajaza tena. Mwenzangu akampigia yule wa steshenari, akaambiwa "usijali nimeshashughulikia", akaridhika. Mei 2018 tunaangalia matokeo, mimi nina konfamesheni namba yangu, ile unayopewa ukimaliza kujaza, yeye anaomba yake anazungushwa mpaka leo. Hakujaziwa tena. Na hata angekuwa amejaziwa na akashinda, bila ile namba huwezi kuona majibu yako, maana Marekani hawatumi barua wala imeli ya kukwambia umeshinda. Unaangalia mwenyewe kwenye tovuti yao inayoishia na .gov basi. Aliyeshika konfamesheni namba yako ndiye aliyeshika bahati yako, na wapo wanaoshinda halafu wakala anawaambia lete kiasi fulani ndiyo nikupe, au anataka umwingize mtu wake kama mke.

La pili, watoto. Hapa naomba nisomwe kwa makini.

Nina binti niliyempata kabla sijaoa. Alikuwa na miaka 9 mwaka ule, anaishi na mama yake Tanga, mimi natuma matumizi na ada. Najaza fomu, imefika sehemu ya watoto, jamaa wote chumbani wakaniambia usimuweke, huyo hana ndoa, hasafiri na wewe, utajichanganya tu, weka mke na yule mdogo. Ilikuwa saa sita usiku nikaona nisome maelekezo yao yote kwanza, na maelekezo yanasema waziwazi: andika mke au mume, na watoto wako WOTE walio hai, wasioolewa au kuoa, walio chini ya miaka 21, hata kama hawaishi na wewe na hata kama hawatakwenda. Wa kuzaa, wa kuasili, wa kambo. Ukimwacha mmoja tu unakosa wewe na familia nzima, na hakuna kurekebisha baadaye. Nikampigia mama yake asubuhi nikamwomba picha ya mtoto. Tulikuwa hatuongei vizuri wakati ule lakini alinitumia.

Picha zenyewe msizipuuze. Pikseli 600 kwa 600, isizidi kilobaiti 240, ukuta wa rangi ya wazi, isiwe ya zaidi ya miezi sita, miwani hairuhusiwi. Usirudie ile ya mwaka jana. Na kila mtu fomu moja tu, ukijaza mbili zote zinatupwa, ila mume anaweza kujaza yake na mke akajaza yake wakatajana, hapo mmepata nafasi mbili kihalali.

Baada ya kuchaguliwa kazi ndiyo inaanza. Unajaza DS-260, ile fomu ya kuomba viza yenyewe, mtandaoni, kisha unasubiri kesi namba yako ifikiwe, kila mwezi wanatoa taarifa inayoonyesha wamefika namba ngapi kwa kila kanda. Yangu ilifikiwa kuelekea mwisho, intavyuu nikapangiwa Julai 2019. Huo muda wote wa kusubiri ndiyo wa kutafuta makaratasi, na ukiwa mbali na nyumbani makaratasi ndiyo yanatoa jasho. Cheti changu cha shule kimeandikwa Athumani na pasipoti imeandikwa Othman. Ikabidi kiapo cha majina, kaka yangu akashinda Dar siku nne kwa ajili hiyo. Cheti cha kuzaliwa cha binti hakikuwepo kabisa kule RITA, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, alikuwa na kadi ya kliniki tu. Hati ya polisi unatakiwa uwe nayo ya nchi unayoishi kama umezidi miezi sita, ya nchi yako ya uraia kama uliishi huko miezi sita na zaidi, na ya nchi nyingine yoyote uliyokaa mwaka mzima au zaidi tangu ulipofika miaka 16. Kwa hiyo mimi nilihitaji ya Emirati, ambayo naomba kwa simu tu, na ya Tanzania ambayo nilichukuliwa alama za vidole nikiwa huko huko Sharjah, karatasi ikasafiri na mtu mpaka Dar. Kijana mwenzetu aliyewahi kufanya kazi Qatar miaka miwili kabla ya kuja Sharjah ikabidi atafute na ya Qatar. Anzeni mapema jamani.

Hospitali unakwenda ile iliyoteuliwa na ubalozi, si yoyote. Wanapiga eksirei ya kifua, wanachukua damu, wanakuchanja chanjo ambazo huna. Bahasha wakikupa imefungwa usiifungue. Sisi tunaolala watu sita chumba kimoja tuwe makini na kifua, ikionekana doa kwenye eksirei wanachukua makohozi mara tatu na kuyaotesha maabara, majibu yanaweza kuchukua hadi wiki 8. Wiki 8 wakati wako wa mwisho ni 30 Septemba siyo mchezo, maana ikipita tarehe 30 Septemba ya mwaka wa bahati nasibu yako kila kitu kimekwisha, hawahamishii mwaka unaofuata. Kuhusu VVU niliulizwa na watu wengi, siyo kizuizi tangu Januari 2010.

Hela: kujaza ni bure. Siku ya intavyuu unalipa dola 330 kwa kila kichwa, ukikataliwa hairudi. Ukishapata viza kuna ada nyingine ya kadi yenyewe, mimi nililipa dola 220 kwa kila mtu. Ongeza hospitali na tiketi.

Siku yenyewe nilipanda basi la E100 kutoka kituo cha Al Ghubaiba, Dubai, alfajiri, mke na mdogo wetu wa miaka miwili. Dirishani yule mama akapitia makaratasi kimya kimya, alipofika kwa binti akaniuliza huyu yuko wapi, nikamwambia Tanga, kwa mama yake, mama hajakubali asafiri. Akaniuliza unamhudumiaje, nikatoa bahasha ya risiti za kutuma hela, zote, tangu 2013, nilikuwa nazitunza kwenye boksi la viatu. Alizifunua chache, akanitazama, akaandika, akasema viza zenu zimekubaliwa. Nilitoka nje nikakaa chini kwenye kivuli nikamwambia mke wangu tumpigie Tanga kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mama yake alikubali miezi michache baadaye, lakini 30 Septemba ilikuwa imeshapita kwa hiyo kupitia DV haikuwezekana tena. Nikamwombea mimi kama mtoto wa mwenye grini kadi. Katikati corona ikaingia, na ile amri ya Aprili 2020 iliyosimamisha viza za wahamiaji ikatukalisha mpaka Februari 2021. Amefika mwaka huu mwezi wa nne. Hakuna aliyeuliza huyu mtoto katokea wapi, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye karatasi tangu ile ya kwanza niliyojaza usiku pale ofisini.

Ulizeni, nitajibu.

---

Kisauni_wa_Doha | 9 Oktoba 2022

Shukran sana ndugu yangu, nimesoma mpaka mwisho. Mimi niko Doha, kandarasi yangu inaisha mwakani mwezi wa tatu na sijui kama wataniongeza. Nikijaza na anwani ya Qatar halafu niwe nimerudi Mombasa itakuwaje?

Mwana_Makorora | 9 Oktoba 2022

Jaza unapoishi leo. Ukichaguliwa, kwenye DS-260 ndipo unaandika unakoishi wakati huo na ubalozi utapangwa kufuatana na hapo. Ukihama baada ya kuwasilisha unawaandikia KCC, kile kituo chao kiko Kentucky ndicho kinachoshika kesi zote za DV, unaomba wakuhamishie Nairobi. Fanya kabla hujapangiwa tarehe.

---

Fundi_wa_AC | 10 Oktoba 2022

Mkuu mimi nina kidato cha nne tu nina uzoefu wa AC na umeme miaka nane hapa Ajman. Nipo ndani?

Mwana_Makorora | 10 Oktoba 2022

Ndugu yangu nikujibu ukweli usije ukatumia hela bure. Sharti lao ni elimu ya sekondari iliyokamilika, wanasema miaka 12 ya msingi na sekondari au inayolingana nayo. Kwetu msingi 7 na sekondari 4 ni 11. Mwenye kidato cha sita au diploma hana wasiwasi. Mwenye kidato cha nne asome ukurasa wa ubalozi anakokwenda kufanyia intavyuu, kila ubalozi una maelezo yake jinsi unavyopokea vyeti vya nchi husika, na akifika huko matokeo yake yenyewe yanaangaliwa, siyo kuwa na cheti tu.

Njia ya pili ni uzoefu wa kazi, miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, lakini siyo kazi yoyote. Kuna orodha yao inaitwa O*NET, kazi yako lazima iwe Job Zone 4 au 5, yaani madaraja ya juu ya ujuzi. Fundi umeme mule ni zoni 3. Dereva wa lori ni zoni 2. Najua inauma, maana fundi wa AC wa Ajman anafanya kazi wengine na digrii hawaiwezi, ila dirishani hawaangalii hilo. Kama una nafasi ya kumaliza kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, fanya hivyo, utakitumia na kwa mambo mengine.

Fundi_wa_AC | 10 Oktoba 2022

Sawa mkuu. Bora kujua. Nina credit za kutosha za kidato cha nne, nitaangalia hiyo ya kujitegemea.

---

Mama_Wawili | 12 Oktoba 2022

Kaka Makorora umenitonesha kidonda. Naandika hapa kwa mara ya kwanza kwa hiyo mnivumilie.

Mimi niko Ghuba, nafanya kazi za nyumbani, mwaka wa sita sasa. Nilijaza DV-2022 kupitia mtu aliyekuwa anawajazia mabinti wengi wa huku, tunamtumia picha kwa simu na hela. Aliniuliza umeolewa nikasema hapana, tumeachana. Akaniuliza watoto, nikamwambia wawili wako kwa mama yangu Singida. Akaniambia dada ukiweka watoto hawakupi, wanaogopa mtu mwenye mzigo, weka singo huna mtoto halafu ukifika utawavuta. Nikamwamini, yeye ndiye mjuzi mimi sijui kompyuta.

Nikachaguliwa. Nililia kwa furaha, madamu wangu alinipa ruhusa na hata alinisaidia hela ya hospitali, Mungu ambariki. DS-260 nilijaziwa na dada mmoja msomi na yeye akasema hapa lazima tuandike watoto, hii fomu ni kiapo. Tukaandika. Nikaenda intavyuu na vyeti vyote. Yule wa dirishani alikuwa mpole kabisa, akaniuliza hawa watoto walizaliwa lini, nikamwambia 2011 na 2014. Akasema kwenye ombi lako la mwanzo hawapo na wakati huo walikuwa wameshazaliwa, sheria hainiruhusu kuendelea. Dakika tano hazikufika. Akanipa karatasi.

Dola 330 siyo kinachoniuma. Kinachoniuma ni kwamba niliwakana wanangu kwenye karatasi kwa maneno ya mtu ambaye hata sura yake siijui, na wao ndiyo niliokuwa nawatafutia.

Mwana_Makorora | 12 Oktoba 2022

Dada yangu pole sana, pole mno. Wewe hukuwakana, ulidanganywa na mtu aliyekula hela yako. Kukosa DV-2022 hakukuzuii kujaza mwaka huu, jaza upya, waandike wote wawili na picha zao. Kama umesoma kidato cha sita au zaidi nitumie PM leo hii, mke wangu atakaa na wewe kwenye simu mpaka umalize, hatutaki hata senti, na konfamesheni namba utaipiga picha wewe mwenyewe.

Mama_Wawili | 12 Oktoba 2022

Nina cheti cha ualimu, nilifundisha kabla sijaja huku. Nimekutumia kaka. Asanteni.

---

Nazi_Mbata | 13 Oktoba 2022

Wakuu mimi nimezaliwa India, Pune, wazazi wangu wote Watanzania walikuwa wanasoma kule, nikarudi Dar nina miaka miwili. India haipo kwenye orodha. Ndiyo basi?

Mwana_Makorora | 13 Oktoba 2022

Siyo basi. Kama baba na mama wote hawakuzaliwa India na hawakuwa wakaazi wa kudumu wa kule ulipozaliwa, unaruhusiwa kudai nchi aliyozaliwa mmoja wao. Wanafunzi wanahesabiwa kama watu waliopita tu. Tafuta mapema barua za chuo za wazazi za miaka ile, utazihitaji. Njia nyingine ni mwenzi wako, mtu aliyezaliwa nchi isiyoruhusiwa anaweza kutumia nchi aliyozaliwa mke au mume wake mradi wote wawili wapewe viza na waingie pamoja.

---

Mtoto_wa_Goma | 15 Oktoba 2022

Jambo kwenu wote. Mimi ni Mukongomani, niko Nairobi tangu 2018. Nilikuwa nawaza kama DV ni ya wenye kuwa kwao tu. Nina Diplôme d'État, itakubaliwa?

Mwana_Makorora | 15 Oktoba 2022

Karibu ndugu. Kongo ipo kwenye orodha. Kwenu msingi 6 na sekondari 6, hiyo ni 12 kamili, kwa hesabu ya miaka mko vizuri kutuzidi. Utafanyia Nairobi kama ukaazi wako wa Kenya una karatasi.

Mtoto_wa_Goma | 15 Oktoba 2022

Aksanti sana. Ile diplôme ilibaki nyumbani wakati tulikimbia, nitauliza shule kama wataweza kunipatia nakala.

---

Bahati_ya_Deira | 18 Oktoba 2022

Naomba na mimi niseme langu maana vijana wanadhani ukichaguliwa umeshafika.

Mimi nilichaguliwa DV-2020. Nilikuwa Deira, kazi nzuri tu, duka la vifaa vya simu. Intavyuu Abu Dhabi nikapangiwa Machi 2020. Nilikuwa na uhakika kwelikweli, hati zote ninazo, shule ninayo, sina kosa. Januari nikampa tajiri notisi, ilipoisha akafuta viza yangu ya ukaazi, nikawa na siku zangu 30 za kukaa nikasema nitafanya intavyuu ndani ya hizo hizo. Nikauza na kitanda.

Tarehe 31 Januari 2020 Trump akasaini amri. Nchi sita ziliongezwa kwenye orodha ya waliozuiwa viza, na Tanzania pamoja na Sudan zikazuiwa kitu kimoja tu: viza za bahati nasibu. Siyo utalii, siyo masomo, DV peke yake. Ikaanza kazi tarehe 21 Februari. Aliyefanya intavyuu na kupewa viza kabla ya siku hiyo alipita. Mimi nilikuwa nimepungukiwa wiki chache. Na msidhani kuishi Dubai kulinisaidia, ile amri ilifuata uraia, pasipoti yangu ya Tanzania ndiyo iliyonisimamisha. Nilirudi Dar siku chache kabla Emirati hawajafunga safari za ndege zile za Machi. Sina kazi, sina viza, sina chumba.

Baadaye Septemba jaji mmoja kule Washington anaitwa Amit Mehta aliwaamuru washughulikie watu wa DV-2020 waliokwamishwa na ile amri nyingine ya corona, watu wakashangilia, lakini yangu ilikuwa amri tofauti. Biden akaifuta tarehe 20 Januari 2021, siku yake ya kwanza ofisini. DV-2020 yangu ilikuwa imekufa tangu tarehe 30 Septemba.

Kwa hiyo nawaomba wanangu, usiache kazi, usiuze kitu, usifute ukaazi, mpaka umeishika pasipoti yenye viza ndani yake. Viza ukipewa kwa kawaida una hadi miezi sita ya kuingia Marekani, huo muda unatosha kumuaga tajiri kwa heshima.

Kisauni_wa_Doha | 18 Oktoba 2022

Pole sana mzee wangu. Hilo la kuacha kazi mapema nilikuwa karibu kulifanya.

Mwana_Makorora | 18 Oktoba 2022

Mzee shikamoo. Nakumbuka sana siku ile, tulikuwa tumeshafika huku tunasikiliza redioni mke wangu akaanza kuhesabu majina ya watu tunaowajua. Uko wapi sasa?

Bahati_ya_Deira | 19 Oktoba 2022

Marahaba. Nimerudi Deira tangu mwaka jana, tajiri yule yule alinipokea. Na ninajaza tena mwaka huu, nimeshajaza tarehe 6.

---

Upanga_Magharibi | 20 Oktoba 2022

Swali dogo, ukipata grini kadi unapoteza uraia wa Tanzania?

Mwana_Makorora | 20 Oktoba 2022

Hapana. Grini kadi ni ukaazi wa kudumu, pasipoti yako inabaki. Unapoomba URAIA wa Marekani, kwa kawaida baada ya miaka mitano, ndipo Tanzania inakutoa kwa sababu kwetu mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili. Wakenya wao wanaruhusiwa tangu katiba ya 2010. Hilo kila mtu alipime na familia yake, mimi mwenyewe bado sijaamua na mama yangu yuko Tanga ana miaka 74.

Na wengine mmeuliza namba ya pasipoti wakati wa kujaza. Hiyo waliileta 2019, mahakama ikaifuta Februari mwaka huu, kwa hiyo safari hii haihitajiki.

---

Kisauni_wa_Doha | 6 Mei 2023

MATOKEO YAMETOKA. Nimechaguliwa!! Nimeangalia mara tatu, nimemwamsha na mke wangu aangalie, ni kweli. 2024AF. Mikono inatetemeka hata siwezi kuandika.

Mwana_Makorora | 6 Mei 2023

Mashallah ndugu yangu!! Hongera sana. Leo furahi. Kesho fungua DS-260, na ukumbuke wanachagua watu wengi kuliko viza zilizopo, viza kwa mwaka hazizidi 55,000 dunia nzima na nchi moja haiwezi kupita asilimia 7, kwa hiyo usilale.

Bahati_ya_Deira | 6 Mei 2023

Mimi hapana. Hongera kijana, usiache kazi.

Mama_Wawili | 7 Mei 2023

Mimi pia sikuchaguliwa. Lakini nimeiona ile karatasi ina majina ya wanangu wote wawili na picha zao, nimeihifadhi. Hongera kaka wa Doha.

---

Kisauni_wa_Doha | 2 Agosti 2024

Nimekuja kutoa taarifa kwa sababu uzi huu ndio ulioniongoza. Waliniongeza kandarasi, nilifanya intavyuu Doha mwezi wa tano, tukapewa viza mimi na mke. Tuko Houston wiki ya tatu. Notisi nilitoa baada ya kushika pasipoti mzee wangu wa Deira, kama ulivyosema.

---

Nazi_Mbata | 11 Januari 2026

Wakuu nafufua uzi. Oktoba imepita dirisha halikufunguliwa, na sasa nasikia Tanzania tumo kwenye amri mpya ya Marekani ya kuzuia viza. Mwenye ukweli atuambie, huku mitaani kila mtu anasema lake, na kuna watu wanaendelea kupokea hela za kujaza.

Mwana_Makorora | 11 Januari 2026

Ukweli ninaoufuatilia ni huu. Tarehe 16 Desemba 2025 ilisainiwa amri iliyoongeza nchi nyingi, Tanzania ikiwemo kwenye kundi la kuzuiwa kwa sehemu, na safari hii siyo DV peke yake kama 2020, ni viza zote za wahamiaji pamoja na za utalii na masomo. Imeanza tarehe 1 Januari. Burundi walikuwa wameshawekwa kundi hilo hilo tangu Juni 2025. Siku mbili baadaye, tarehe 18 Desemba, ikatangazwa kwamba mpango wenyewe wa DV unasimamishwa, baada ya lile shambulio la risasi la Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani ambalo mshukiwa wake ilisemekana aliingia kwa DV mwaka 2017. Kabla ya hapo walikuwa wametangaza ada ya dola 1 ya kujaza, ambayo wa kuilipia ni serikali yao kwenye tovuti yao, siyo mtu wa mtaani. Kwa hiyo leo hii hakuna dirisha lililo wazi. Anayechukua hela yako leo kukujazia DV anakuibia, usimpe hata shilingi.

Bahati_ya_Deira | 11 Januari 2026

Mara ya pili hii naona. Safari hii bado nina kazi na kitanda changu.

Mama_Wawili | 13 Januari 2026

Nimejaza miaka yote tangu ule uzi ulipoanza, mke wa kaka Makorora akiwa kwenye simu, mpaka mwaka juzi nikaweza peke yangu. Sijawahi kuchaguliwa tena. Sasa wamefunga, sawa. Mkubwa atafikisha miaka 15 mwaka huu, nilirudi likizo Singida tukaenda wote watatu RITA, wana vyeti vyao vya kuzaliwa, nimeviweka plastiki pamoja na risiti zote za hela ninazowatumia, boksi la viatu kama lile la kaka. Mdogo ameandika juu kwa kalamu nyekundu: VITU VYA MAMA, USIGUSE.